Hatari ya opioidi za maabara: jibu kwa dada mwenye mdogo wake Birmingham

Swali: Shikamoo daktari. Mimi naishi Tanga. Mdogo wangu wa kiume yuko Birmingham, Uingereza, anafanya kazi za usiku kwenye ghala, na usingizi umempotea kabisa. Ameniambia kwamba hununua vidonge vya usingizi mtandaoni bila cheti cha daktari, na kwamba huko watu wanazungumzia dawa mpya inayoua haraka kuliko heroini. Hapa nyumbani nina binamu aliyeacha unga miaka miwili iliyopita. Naomba unieleze dawa hiyo mpya ni nini, kwa nini inawaua hata waliozoea unga, na kama inaweza kutufikia huku.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu maswali yako matatu yanashikana, na kosa katika jibu la moja linaweza kugharimu uhai. Mimi ni daktari katika kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa tunayowapa watu wa unga badala ya heroini. Kwa miaka mingi nimekaa na watu wa pwani waliobwia unga na waliojidunga, na nimejifunza kutoka kwao mengi ambayo vitabu vyangu vya chuo havikuwa nayo.

Dawa ambayo mdogo wako ameisikia, kwa jinsi unavyoieleza na kwa mahali alipo, inaelekea kuwa ni nitazini. Hilo ni jina la familia nzima, si la dawa moja. Familia hiyo ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika maabara ya kampuni ya Ciba mjini Basel, Uswisi, na watafiti waliokuwa wakitafuta dawa ya maumivu iliyo bora kuliko morfini. Walipata kitu kikali mno: mmojawapo wa ukoo huo, etonitazini, ulipojaribiwa kwa wanyama ulionekana kuwa na nguvu karibu mara 1,000 ya morfini. Hakuna hata moja iliyoruhusiwa kuwa dawa ya binadamu, kwa kuwa kiasi kinachotuliza maumivu kilikuwa karibu sana na kiasi kinachozima pumzi. Maelezo yake yalibaki kwenye majarida ya kemia kwa miaka 60, hadi mwaka 2019 mojawapo, isotonitazini, ilipoanza kuonekana katika soko haramu la Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mtu fulani alikuwa ameyafungua majarida yale ya zamani na kuona humo biashara.

Nitazini si ya kwanza katika mambo haya. Fentanili, ambayo bila shaka umewahi kuisikia, ilitengenezwa na Paul Janssen huko Ubelgiji karibu na mwaka 1960, nayo ni dawa halali ambayo wataalamu wa usingizi huitumia katika vyumba vya upasuaji duniani kote, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi wa mashine na wa mtu aliyefunzwa kumsaidia kupumua. Ina nguvu karibu mara 50 ya heroini. Mwaka 1979 huko California watu walianza kufa kwa kitu kilichouzwa mitaani kama heroini safi ya Asia, na wapimaji walipokichunguza walikuta ni fentanili iliyoongezewa kipande kidogo sana cha kikemia, kiasi kwamba sheria ya wakati huo haikuitambua. Hapo ndipo lilipozaliwa neno la dawa za kubuni: mkemia huchukua dawa iliyokatazwa, hubadilisha kona moja ya umbo lake, na kupata kitu kinachofanya kazi ileile mwilini lakini hakina jina katika orodha ya polisi. Marekani ilijibu mwaka 1986 kwa sheria inayokataza pia dawa zinazofanana na zile zilizokatazwa. China nayo, ambako fentanili nyingi ilikuwa ikitengenezwa, ilikataza familia yote ya fentanili kuanzia Mei 2019, na muda si mrefu nitazini zikaanza kuenea. Uingereza ilikataza nitazini 14 kwa majina mwezi Machi 2024, na mwezi Januari 2025 ikalazimika kukataza familia nzima, kwa sababu kila jina lililoandikwa lilifuatwa na jingine jipya.

Nakueleza historia hii kwa sababu ndani yake limo jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Watu husema hatari ya dawa hizi ni ukali wake, na ni kweli ni kali. Lakini ukali peke yake unaweza kupimwa na kudhibitiwa, kama tunavyofanya hospitalini. Hatari kubwa zaidi ni kwamba hakuna anayejua kilichomo. Mnunuzi hajui, muuzaji wa kichochoroni hajui, aliyemuuzia muuzaji mara nyingi hajui, na hata mimi daktari mgonjwa akiletwa mbele yangu sijui. Heroini ina historia ndefu ya watu walioitumia, na watumiaji wenyewe wana elimu yao juu yake, chungu lakini ya kweli: rangi yake, harufu yake ikichomwa, kiasi cha kete moja, muda wa kusubiri kabla ya kuongeza. Elimu yote hiyo inapotea siku ambayo kilichomo ndani ya kete si heroini.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa mwaka 1982 huko San Jose, California. Alifikishwa hospitalini mwanaume wa miaka 42 aliyeganda kama sanamu: macho wazi, mate yakimtoka, hasemi, na mkono wake ukiinuliwa unabaki hewani. Wapo waliodhani ni ugonjwa wa akili. Daktari wa mishipa ya fahamu, William Langston, na wenzake waliona vidole vyake vikisogea kidogo, wakamwekea penseli mkononi, naye akaandika polepole kwamba akili yake iko sawa lakini mwili haumtii. Alikuwa ametumia opioidi, yaani dawa ya jamii ya afyuni, ya kubuni iliyotengenezwa kwa siri, ambayo haikutengenezwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na uchafu uitwao MPTP. Uchafu huo ulikuwa umeua chembe za ubongo zilezile ambazo hufa kwa miaka mingi katika ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha na kukakamaza mwili. Kwake zilikufa katika siku chache. Wengine kadhaa walikutwa na hali hiyo katika eneo hilo. Walipopewa dawa ya Parkinson miili yao ilifunguka tena, lakini chembe zilizokufa hazikurudi. Watu hawa hawakuzidisha kipimo, na walichotaka ni ulevi uleule waliouzoea. Aliyewatengenezea alikuwa na haraka.

Sasa turudi kwa mdogo wako. Yeye anasema hanunui unga, ananunua vidonge vya usingizi, na nadhani kinachomtuliza moyo ni kwamba kidonge kina umbo, kina alama na pengine kimekuja ndani ya pakiti ya karatasi ya fedha. Naomba umwambie waziwazi kwamba umbo la kidonge halithibitishi chochote. Mashine ya kubana vidonge na kifaa cha kuchonga alama hupatikana kwa urahisi, na pakiti huchapishwa kama zinavyochapishwa kadi za harusi. Huko Uingereza ipo huduma ya umma ya Wales iitwayo WEDINOS, ambayo hupokea sampuli na kutangaza kilichokutwa ndani yake, na mara kwa mara imekuta nitazini ndani ya vidonge vilivyonunuliwa kama diazepamu, yaani dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi ambayo inawezekana ndiyo hiyohiyo anayoitafuta. Mwanamuziki Prince, mtu aliyekuwa na uwezo wa kumpata daktari yeyote duniani, alifariki Aprili 2016 nyumbani kwake Minnesota baada ya kumeza fentanili, na uchunguzi ulihitimisha kwamba aliipata katika vidonge bandia alivyodhani ni dawa ya kawaida ya maumivu.

Hata vidonge vya pakiti moja havilingani, na hili watu hulielewa kwa shida, basi nitalieleza kwa mfano wa jikoni. Chukua kilo ya unga wa ngano, tia chembe kumi za chumvi ya mawe, koroga kwa mkono, kisha gawa unga huo katika vifungu mia. Vifungu vingi havitakuwa na chumvi hata kidogo, vichache vitakuwa na chembe moja, na kimoja kinaweza kupata mbili au tatu. Dawa ambayo miligramu mbili zake zinaweza kumuua mtu asiyeizoea, na baadhi ya nitazini huhitaji chini ya hapo, haiwezi kuchanganywa sawasawa ndani ya ndoo na mtu asiye na mizani ya maabara. Kwa hiyo mdogo wako akikwambia kwamba amekwisha kumeza vidonge vinne vya pakiti ileile na hakudhurika, anakwambia habari za vidonge vinne. Kuhusu cha tano bado hajui kitu.

Dawa zote za jamii ya afyuni, kuanzia kasumba ya mababu hadi nitazini, huua kwa njia moja. Chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna sehemu inayotukumbusha kuvuta pumzi bila sisi kufikiri. Sehemu hiyo hupima hewa chafu inayojaa kwenye damu, na ikizidi huamuru kifua kipanuke. Opioidi huizima hisia hiyo. Mtu hahisi kukosa hewa, hahangaiki, hapigi kelele. Pumzi zinapungua kutoka 14 kwa dakika hadi nane, hadi nne, hadi moja. Hivyo ndivyo wengi wanavyokufa nyumbani mwao, jamaa wakiwa chumba cha pili.

Niliwahi kuitwa na familia moja asubuhi, mtaa wa jirani na kliniki. Kijana alikuwa amelala mkekani, na mama yake aliniambia kwa utulivu kwamba wamemwacha apumzike kwa sababu usiku kucha alikuwa akikoroma. Mkoromo ule, wenye sauti kama maji yanayopita kwenye mrija ulioziba, haukuwa wa usingizi. Ulikuwa koo lililolegea na ulimi uliorudi nyuma, na kila mkoromo ulikuwa pumzi iliyopatikana kwa taabu. Tangu siku hiyo kila mzazi anayekuja kliniki namfundisha sauti hiyo kabla ya kumfundisha jambo jingine. Na vitabu vingi vinasema utazame kama midomo imegeuka rangi ya buluu, ambayo ni alama ya watu weupe; kwa ngozi zetu tazama ndani ya mdomo wa chini, ufizi na kucha, utaona rangi ya majivu. Mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano. Ukimwita kwa jina na kumsugua kifuani kwa vifundo vya vidole kwa nguvu, haamki.

Umeuliza kwa nini wanakufa hata waliozoea. Mwili huzoea opioidi kwa kiwango fulani, lakini haulingani katika mazoea yake: raha hupungua upesi, ilhali ule ulinzi wa pumzi hukua polepole na haufiki mbali. Kwa hiyo mtumiaji wa siku nyingi huongeza kipimo kuifukuza raha iliyompotea huku pumzi yake ikiwa bado dhaifu. Akiwa na heroini nyembamba ya mtaani, iliyochanganywa mara nyingi, kosa lake huwa dogo na muda wa kumwokoa huwapo. Akipata nitazini kwa kipimo kilekile cha macho, kosa huwa la mara nyingi na muda ni wa dakika chache. Mwezi Novemba 2023 mjini Dublin, Ireland, watu wa kawaida wa heroini walinunua unga wa rangi ya kahawia hafifu kama walivyokuwa wakinunua siku zote, na katika siku chache zaidi ya 50 walizidiwa. Mwezi uliofuata yakatokea hayohayo mjini Cork. Walikuwa wamefanya kila kitu kama kawaida yao, na unga ulikuwa nitazini. Huko Uingereza kwenyewe, shirika la taifa la kupambana na uhalifu lilihesabu vifo 400 vilivyohusishwa na nitazini kati ya Juni 2023 na Januari 2025, na eneo la Birmingham lilikuwa miongoni mwa yaliyopigwa mapema, katika kiangazi cha 2023.

Binamu yako ameacha miaka miwili, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu na la kumpongeza yeye mwenyewe, kwa kuwa wanaojua arosto, yale mateso ya kuacha, ndio wanaojua alichokivuka. Lakini mwili wake umesahau. Mazoea ya opioidi hupungua ndani ya siku na wiki, si miaka, na ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani, nyumba ya upataji nafuu au hospitali ni wiki za vifo vingi: mtu anarudi maskani na kuchukua kipimo alichokuwa akikichukua zamani. Kama atateleza siku moja, na kuteleza hutokea hata kwa wenye nia njema, kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua hata kama ni heroini tupu. Naomba familia imwambie hivyo bila kumtisha na bila kumsimanga, na ijulikane nyumbani kwamba akianguka ataokotwa kwanza, maneno baadaye. Nimewazika watu waliojificha chooni kwa sababu ya kuogopa aibu. Ikiwa hamu inamrudia, kliniki za methadoni zipo. Ya Muhimbili ilianza mwaka 2011, na tangu hapo huduma imefika Zanzibar na mikoa mingine, na Kenya nayo ilianza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na pwani yake. Methadoni nayo ni opioidi, lakini ni ya kipimo kinachojulikana, anayoinywa mbele ya mhudumu, na tofauti ya kujua na kutojua ndiyo inayomweka hai.

Je, mambo haya yanaweza kutufikia? Nitakujibu kwa yaliyotokea kwingine. Heroini inayopita pwani yetu hutoka Afghanistan na husafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan. Mwezi Aprili 2022 Taliban walikataza kilimo cha mpopi, mmea unaotoa afyuni ya kutengenezea heroini, na kwa hesabu za Umoja wa Mataifa mashamba yakashuka kutoka hekta 233,000 mwaka huo hadi hekta 10,800 mwaka 2023. Soko halikauki siku ileile kwa sababu ya akiba, lakini nchi moja ndogo ya Ulaya, Estonia, ilishatuonyesha kinachoweza kufuata. Taliban walipokataza mpopi kwa mara ya kwanza, mwaka 2000, heroini ilipungua huko, na fentanili ikaingia mahali pake na haikutoka kwa miaka mingi. Mwaka 2012 nchi ile yenye watu milioni 1.3 ilizika watu 170 waliokufa kwa kuzidiwa na dawa. Polisi walipofanikiwa kuvunja mtandao wa fentanili mwaka 2017 vifo vilipungua sana, na miaka michache baadaye zikaja nitazini na vifo vikapanda tena.

Barani kwetu, Sierra Leone ilitangaza hali ya dharura Aprili 2024 kwa sababu ya kashi, mchanganyiko wa majani unaovutwa na vijana wa Freetown, ambao wengi walidhani ni bangi iliyotiwa madawa ya kawaida. Uchunguzi uliotangazwa Februari 2025 ulikuta nitazini katika karibu nusu ya sampuli zilizopimwa. Zingatia, dada yangu, kwamba hawa hawakuwa watumiaji wa heroini, na wengi hawakuwa wamewahi kushika sindano. Kwa maoni yangu, nchi za Afrika Mashariki zinakosea zikisubiri mpaka vifo vihesabike ndipo zijiandae, kwa sababu vifo hivi havihesabiki pasipo vipimo. Kipimo cha kawaida cha mkojo cha afyuni, kile ambacho wazazi hununua famasi na sisi hukitumia kliniki, kimetengenezwa kuitambua morfini na jamaa zake wa karibu. Fentanili na nitazini hupita hapo bila kuonekana. Mtu anaweza kuwa ameuawa na nitazini na karatasi ya majibu ikasema hakuna afyuni mwilini. Hata vile vijikaratasi vya kupimia fentanili havitambui nitazini. Vipo vyake vya pekee, navyo havizitambui zote.

Iko dawa inayoweza kumrudisha aliyezidiwa, nayo ni naloksoni. Imekuwepo tangu miaka ya 1960, hailevyi, haimdhuru mtu ambaye hakutumia opioidi, na kazi yake ni kuisukuma opioidi itoke pale ilipojishikiza kwenye ubongo na kuirudisha pumzi. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu mwaka 2014 kwamba wapewe hata ndugu na rafiki wa watumiaji, si wahudumu wa afya peke yao. Huko Uingereza vituo vya huduma za dawa za kulevya huitoa bure, ya kupuliza puani au ya sindano. Hufanya kazi kwa nitazini pia, ingawa wakati mwingine dozi moja haitoshi. Kinachowaponza watu ni kwamba naloksoni huisha nguvu kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na opioidi inaweza kubaki baada yake. Mgonjwa huamka, huona aibu, huwafukuza waliomsaidia, hurudi kulala, na pumzi huzimika kwa mara ya pili akiwa peke yake. Aliyepewa naloksoni asiachwe, na afike hospitali hata kama anasema yuko sawa.

Ukimkuta mtu katika hali niliyoieleza, ita msaada, kwa Birmingham ni namba 999, mlaze chali, inua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, mpulizie naloksoni kama ipo, kisha mpulizie pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano au sita, ukitazama kifua kinainuka. Zikipita dakika mbili au tatu bila badiliko, toa dozi ya pili. Hata pasipo naloksoni, pumzi zako peke yake zinaweza kumvusha mpaka msaada ufike, kwa maana kinachomuua ni kukosa hewa, na hewa unayo wewe. Akianza kupumua mwenyewe mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Maziwa, maji ya chumvi, makofi, ndoo ya maji baridi na kumburuta atembee havisaidii, na maziwa yakiingia kwenye mapafu ya mtu asiyejitambua yanaweza kummaliza. Katika baadhi ya nchi, hasa Marekani, huchanganywa pia zailazini, dawa ya kulaza mifugo, ambayo si opioidi. Naloksoni haiiondoi, hivyo mtu anaweza kuanza kupumua na asiamke. Mkiona anapumua vizuri msiendelee kumwongezea dozi kwa sababu tu hajafumbua macho.

Nimesikia pia watu wakisema kwamba ukimgusa aliyezidiwa na fentanili nawe utaanguka. Si kweli kwa kumgusa mgonjwa wala kwa vumbi kidogo la mkononi. Madaktari wa sumu wa Marekani walilichunguza jambo hili na kutoa tamko mwaka 2017 kwamba hatari hiyo ni ndogo mno. Osha mikono kwa maji na sabuni baadaye. Ninalisema kwa uchungu, maana hofu hiyo huwafanya watu wasimame wakitazama.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu najua barua hizi husomwa na familia zenye wagonjwa: msije mkamnyima mgonjwa wa saratani morfini yake kwa kuogopa niliyoyaandika hapa. Morfini ya maji inayotolewa na hospitali, kwa kipimo kilichoandikwa na mtu anayemfuatilia, ni dawa ya rehema, na Uganda imekuwa ikiwapa wagonjwa wake kwa miaka 30.

Kwa mdogo wako, usianze kwa kumkemea. Mtu anayefanya kazi usiku na kulala mchana ana shida ya kweli, na ukimkemea atanunua vilevile na ataacha kukuambia. Mwambie ajiandikishe kwa daktari wa mtaa; katika Uingereza yeyote anaweza kujiandikisha, na halazimiki kuonyesha hati za uhamiaji, jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui na kwa kutolijua wanakimbilia mtandaoni. Kukosa usingizi kwa sababu ya zamu za usiku kuna tiba yake, na mara nyingi si vidonge. Kama amekuwa akimeza vidonge kila siku kwa majuma kadhaa, asiache ghafla, kwa sababu ikiwa kweli ni vya jamii ya diazepamu kuviacha kwa mara moja kunaweza kuleta degedege. Amweleze daktari ukweli wote, naye atampunguzia taratibu.

Na mpaka siku ya miadi hiyo, kama kuna lolote atakalolimeza kabla ya kumwona daktari, asilimeze akiwa peke yake, asilichanganye na pombe, na aende kituo cha huduma cha mjini kwake akachukue naloksoni. Mwambie asiifiche kabatini chini ya nguo. Aiweke mezani, amwonyeshe mwenzake wa chumba jinsi ya kuipuliza, kwa kuwa aliyezidiwa hawezi kujipa dawa hiyo mwenyewe.